Siagi ya Kibuyu Babati

Kibuyu kikianza kusukwasukwa husikika kama maji: chwa, chwa, chwa. Baadaye sauti hufifia, mkono huhisi uzito, kisha vishindo vya kitu kinachojigonga ndani huanza kusikika. Mama aliyeizoea kazi hana haja ya kuzibua mdomo wa kibuyu. Siagi imeshashika.

Kazi hii imeutangulia mji wa Babati. Kabla wilaya haijamegwa kutoka Hanang mwaka 1985, na kabla mkoa wa Manyara haujazaliwa mwaka 2002, Wagorowa wa chini ya mlima Kwaraha, majirani zao Wairaqw na Wadatoga wa upande wa Hanang walikuwa wakila mafuta ya maziwa na kujipaka. Kwa Wadatoga siagi haikuishia chunguni: ililainisha sketi za ngozi za kina mama na kupakwa watu katika sherehe. Enzi za Waingereza samli iliingia madukani, ikiuzwa kwa debe.

Ndani ya kibuyu kuna mapambano.

Kila tone la mafuta ya maziwa, lenye upana wa maikromita 4 hivi, limevikwa utando wa lipidi uliotoka kwenye seli za kiwele. Kwenye maji yanayolizunguka imo kaseini, mnyororo mrefu wa protini wenye tabia mbili: sehemu moja hupenda maji, nyingine huyakimbia na kutafuta mafuta. Wanakemia huiita polima amfifili. Utando ukiwa mzima, kaseini haina pa kushika. Ukipasuka, ama matone yanashikana kuwa donge, ama kaseini inawahi kuyavika koti jipya.

Kibuyu huyapa mafuta ushindi. Kikisukwasukwa, hewa huingia na kufanya mapovu, utando huchanika, na matone yaliyoganda nusu hung'ang'aniana. Ndiyo sababu ya kuamka alfajiri: jua likipanda, mafuta huyeyuka na siagi huwa teketeke. Ndiyo sababu pia ya kuacha maziwa yagande kwanza. Uchachu huifanya kaseini ijikusanye mabonge, isiwe tena nyepesi kuyavamia matone. Huu ni ujuzi wa kemia, na wenye nao wanastahili heshima ya mafundi.

Ulaya iliufikia utando huo kwa njia nyingine. Mwaka 1840 Mjerumani Ascherson alieleza ngozi inayojifanya pale mafuta yanapokutana na protini. Kisha Mfaransa Auguste Gaulin akabuni mashine ya kusukuma maziwa kwa nguvu kupitia upenyo mwembamba, akaionyesha Paris mwaka 1900. Matone hupasuliwa yakawa madogo kuliko maikromita 1. Utando wa asili hautoshi kuyafunika yote, na kaseini hujaza pengo. Safari hii polima ndiyo inayoshinda.

Maziwa ya pakiti yaliyopitia mashine ya aina hiyo yanauzwa leo katika maduka ya Babati. Ukiyamimina kibuyuni, utasukasuka mpaka mkono ufe ganzi bila kupata donge la maana. Siagi bado inataka maziwa ya zizini, na kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto.

Siagi ikishatoka huoshwa kwa maji baridi, ikabandikwa jikoni iwe samli. Maji hukauka kwa kutokota, mafuta huwa maangavu kama kioo, na mabaki ya protini huzama chini ya sufuria yakigeuka kahawia. Watoto huyakwangua yangali moto.