Dola 499: Bei Iliyowashinda Wakubwa

Kila mfanyabiashara, awe wa genge la nyanya au wa kiwanda, hujiuliza swali moja kabla ya kupeleka mali sokoni: niuze kwa bei gani? Mwaka 2011 swali hilo liliwanyima usingizi wakubwa wa makampuni ya kompyuta huko Marekani na Kanada.

Tarehe 27 Januari 2010, mjini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipanda jukwaani na iPad, kompyuta bapa ambayo sisi sasa twaiita kishikwambi. Waliojifanya wanajua walikuwa wamekwisha kubashiri bei ya karibu dola elfu moja. Jobs akaionyesha kwanza hiyo 999 ukutani, watu wakaitazama, kisha akaiangusha chini ikasimama 499. Katika siku 80 za mwanzo ziliuzwa milioni 3.

Sasa washindani wafanyeje? Motorola walitoa Xoom yao Februari 2011 kwa dola 800 kasoro senti moja. Nani atoe mia tatu zaidi kwa kitu asichokijua? Watengenezaji wa BlackBerry wakaja Aprili na PlayBook kwa dola 499 zile zile, lakini haikuwa na programu yake yenyewe ya barua pepe. Kampuni iliyojijengea jina kwa barua pepe! Kufikia Desemba walilazimika kufuta dola milioni 485 katika hesabu zao kwa sababu ya mali iliyolala.

Lakini kisa cha HP ndicho kinachostahili kusimuliwa. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikuwa imeinunua Palm kwa dola bilioni 1.2, na tarehe 1 Julai 2011 ikatoa TouchPad. Bei? Dola 499 na senti 99. Wanunuzi wakapita mbali. Mapema Agosti bei ikashushwa kwa dola mia, bado hali ikawa ile ile. Tarehe 18 Agosti, hata siku 50 hazijatimia, HP ikatangaza kwamba inaachana na biashara hiyo. Siku mbili baadaye TouchPad zikamwagwa madukani kwa dola 99. Lo! Watu waliozipuuza juzi sasa walizigombania, na maduka yakaishiwa.

Wapo waliosema pale pale kwamba dola 99 ndiyo iliyokuwa bei ya haki tangu awali. Mimi sikubaliani nao. Wataalamu waliokifungua chombo hicho walikadiria kwamba vipuri vyake peke yake viligharimu karibu dola 300. Kuuza kwa 99 ni kumlipa mnunuzi aondoe mzigo mlangoni.

Na kwa nini HP wasingeweza kuuza, tuseme, kwa dola 350 wakapata faida? Hapo ndipo Apple walipokuwa wamewatangulia kwa miaka. Mwaka 2005, wakati walipokuwa wakihangaika na vinanda vyao vya mfukoni vya iPod, walilipa dola bilioni 1.25 taslimu, kabla ya kupokea mali, ili wahakikishiwe vipuri vya kuhifadhia kumbukumbu hadi mwaka 2010. Tena walikuwa na maduka yao wenyewe, ambamo hawakuwa na mchuuzi wa kugawana naye. Ile 499 iliyoonekana rahisi jukwaani ilikuwa imeandaliwa kwa muda mrefu.

Aliyepata mlango mwingine ni Amazon. Septemba 2011 walitangaza Kindle Fire, ndogo, ya inchi 7, kwa dola 199. Wakadiriaji wakasema kuitengeneza kunagharimu dola 201 na senti 70. Yaani hasara? Ndiyo, lakini Amazon ni muuza vitabu na filamu, na kila aliyeshika chombo hicho alikuwa ameshika mlango wa duka lao. Google nao wakafuata mwaka 2012 na Nexus 7, kwa dola 199 vile vile.

Jobs, aliyefariki Oktoba 2011, alikuwa amezibeza hadharani tableti za inchi 7 mwaka mmoja kabla. Oktoba 2012 kampuni yake ikatangaza iPad ndogo, ya inchi 7.9, kwa dola 329.