Ioni za madini katika ukomaaji wa yai

Ioni za madini ni chembe zenye chaji ya umeme. Nne kati yake, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na zinki, huliwezesha yai changa kuitikia homoni na kuwa tayari kurutubishwa. Jambo hili limechunguzwa sana kwa chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, ambaye yai lake lina kipenyo cha milimita 1.2 hivi na huonekana bila hadubini.

Mwito wa homoni
Yai changa hukaa ovarini likiwa limesimama mwanzoni mwa meyosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu kwa nusu. Maabarani huamshwa kwa projesteroni. Homoni hii huanza kazi kwenye utando wa nje: watafiti wa mwanzo walipoidunga ndani ya yai, yai halikukomaa. Ikiwekwa kwenye maji yanayolizunguka, baada ya saa kadhaa baka jeupe hujitokeza kwenye nusu nyeusi ya yai. Hapo kiini kimepanda juu na utando wake umevunjika.

Kazi ya kila ioni
*Potasiamu.* Yai linapokomaa, utando hupitisha potasiamu kidogo kuliko awali, na chaji hasi ya ndani hupungua.

*Magnesiamu.* Hushikamana na ATP, sarafu ya nishati ya seli. Bila hiyo, vimeng'enya vinavyopachika fosfati kwenye protini havifanyi kazi. Kimojawapo ndicho kiini cha MPF, kichocheo cha ukomaaji kilichoelezwa na Yoshio Masui na Clement Markert mwaka 1971.

*Zinki.* Yai la panya hujikusanyia zinki nyingi linapokomaa. Likinyimwa, meyosisi huvurugika. Likirutubishwa, huitoa nje kwa milipuko midogo.

*Kalsiamu.* Kalsiamu huru iliyo ndani ya yai ni kidogo mno, takriban sehemu moja kwa elfu kumi ya iliyo nje. Nyingine huwekwa akiba kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ulio ndani ya seli. Katika miaka ya 1970, Masui na mwenzake William Wasserman waliamsha mayai ya chura bila homoni, kwa kutumia ionofa, kemikali inayovusha ioni kwenye utando. Kama kalsiamu ni lazima ipande ndipo projesteroni ifanye kazi, wataalamu wamebishana kwa muda mrefu.

Maandalizi ya urutubishaji
Lisilo na ubishi ni kwamba wakati wa kukomaa akiba ya kalsiamu hupangwa upya. Yai hukamilisha nusu ya kwanza ya meyosisi, kisha husimama tena likisubiri mbegu ya kiume. Mbegu ikiingia, wimbi la kalsiamu huvuka yai lote na kuliruhusu kuendelea. Yai changa haliwezi kutoa wimbi kamili la namna hiyo. Kwa hiyo kukomaa ni pamoja na kujifunza kuachilia kalsiamu kwa wakati wake. Ujuzi huu umefika kliniki za uzazi: yai la binadamu lililodungwa mbegu likashindwa kuamka, wakati mwingine husaidiwa kwa ionofa ya kalsiamu.