Nani mwajiri wa mfagizi wa chuo? Funzo kutoka Miami

MWISHONI mwa Februari 2006, wafagizi na watunza bustani wa Chuo Kikuu cha Miami, jimboni Florida nchini Marekani, waliweka chini mafagio yao na kugoma. Walikuwa wapatao 400, wengi wao wahamiaji kutoka Cuba na Haiti. Baadhi yao walilipwa dola 6.40 kwa saa, ambacho ndicho kilichokuwa kima cha chini kabisa kilichoruhusiwa na sheria za jimbo hilo. Hawakuwa na bima ya matibabu.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu aliyefanya kazi saa 40 kwa wiki, mwaka mzima bila kukosa hata siku moja, angepata dola 13,312 kabla ya kukatwa ushuru. Mwaka huo serikali kuu ya Marekani iliihesabu familia ya watu wanne kuwa maskini iwapo mapato yake hayakufikia dola 20,000. Hivyo basi, mfagizi aliyetegemewa na watu watatu alikuwa fukara, ingawa alikuwa na kazi ya kila siku.

Mji wa ujira mdogo

Sensa ya 2000 ilionyesha kwamba Miami ndio uliokuwa mji maskini zaidi miongoni mwa miji ya Marekani yenye zaidi ya wakazi 250,000. Zaidi ya robo ya watu wake waliishi katika ufukara. Uchumi wake hutegemea sana utalii, hoteli na maduka, ambako ujira huwa mdogo. Kila mwaka huingia wahamiaji wapya walio tayari kupokea chochote watakachopewa. Vyama vya wafanyakazi navyo havina nguvu nyingi, kwani tangu 1944 Katiba ya Florida hairuhusu mtu kulazimishwa kujiunga na chama ili apate kazi.

Chuo chenyewe, kilichoanzishwa 1925, kiko Coral Gables, mji jirani unaokaliwa na watu wenye uwezo. Ni taasisi ya kibinafsi, na ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa eneo hilo. Mnamo 1999, Kaunti ya Miami-Dade ilipitisha kanuni iliyotaka wafanyakazi wa kampuni zinazoihudumia walipwe angalau dola 8.56 kwa saa pamoja na bima, au dola 9.81 pasipo bima. Kanuni hiyo haikukigusa chuo. Mwaka wa 2001 jarida la Chronicle of Higher Education lilipolinganisha ujira wa wafagizi katika vyuo 195, Miami ilikuwa ya pili kutoka mwisho.

Mwajiri wa mbali

Wafagizi hao hawakuwa wameajiriwa na chuo. Walikuwa wa UNICCO, kampuni ya kandarasi kutoka jimbo la Massachusetts. Katika mpango wa namna hii, chuo hutangaza zabuni na kampuni hushindana kwa bei. Kwa kuwa gharama kubwa ya kazi ya usafi ni mishahara, anayeshinda mara nyingi ni yule anayelipa kidogo. Mfanyakazi akilalamika, kampuni husema haiwezi kulipa zaidi ya kandarasi, nacho chuo husema hayo ni mambo ya kampuni.

Ndivyo ilivyokuwa Miami. Rais wa chuo, Bi Donna Shalala, aliyekuwa Waziri wa Afya na Huduma za Umma katika serikali ya Bill Clinton kuanzia 1993 hadi 2001, alisema mwanzoni kwamba chuo hakingeegemea upande wowote.

Hata hivyo, UNICCO hiyohiyo ilikuwa ikisafisha pia Chuo Kikuu cha Harvard, ambako wafagizi walikuwa na chama, ujira wa juu zaidi na bima. Kazi ilikuwa moja na fagio lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni mji, na nguvu za wafanyakazi wa kujadiliana. Waliotetea ujira wa Miami walisema ni bei ya soko. Wakosoaji nao walijibu kwamba mwajiri mkubwa kiasi hicho hafuati soko tu, bali huchangia kulitengeneza.

Mfungo na mapatano

Mgomo ulipoendelea, baadhi ya wahadhiri walihamishia masomo nje ya chuo ili wasivuke mstari wa wagomaji. Katikati ya Machi, chuo kilitangaza nyongeza ya angalau asilimia 25 pamoja na bima ya matibabu.

Wengi wangedhani mambo yamekwisha, lakini wagomaji walitaka chama chao, SEIU, kitambuliwe. Walijua kwamba nyongeza isiyo na mkataba hutegemea hisani ya aliyeitoa. Kampuni ilitaka kura ya siri. Chama kilitaka kadi zilizotiwa saini zihesabiwe, kikihofia vitisho kabla ya kura. Mnamo Aprili, wafagizi kadhaa walianza kususia chakula, na wanafunzi wakajiunga nao.

Mapatano yalifikiwa Mei 1, 2006. Chama kingetambuliwa endapo zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi wangetia saini kadi, nazo zihakikiwe na taasisi huru. Chama kilifikisha idadi hiyo, na mkataba wa kwanza ukapatikana mwaka huohuo.

Mnamo 2020 wapiga kura wa Florida waliidhinisha kima cha chini cha mshahara kipande hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa kufikia Septemba 2026. Sheria hiyo huinua sakafu, lakini haijibu swali la zabuni. Swali hilo si geni hata Kenya, ambako vyuo vikuu kadhaa vimekabidhi usafi na ulinzi kwa kampuni za nje. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mwajiri wa mbali hasikii njaa ya mfanyakazi. Aliye karibu ni chuo, na ndicho kinachoamua bei ya kandarasi.