Utomvu Ndani ya Tairi

Anayepanda baiskeli ya milimani upande wa Monduli anamjua adui yake: mwiba wa mgunga. Haujali tairi jipya wala kuukuu. Mjomba wangu, aliyenifundisha ufundi hapa Arusha, aliupiga vita kwa beseni la maji, msasa, solusheni na kiraka kilichokatwa kwenye tyubu iliyokwisha, nami nikamfuata hivyo hivyo. Siku hizi vijana wanaoshindana wananiletea magurudumu yao niwatolee tyubu kabisa, nimwage dawa nyeupe ndani ya tairi. Nimeifuatilia sana asili ya kazi hii, na ninaamini kwa dhati kwamba watu wa karakana wanastahili heshima zaidi kuliko viwanda.

Tyubu yenyewe haikuanza kama tunavyoijua. Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, kwa ajili ya magari ya farasi, na dunia ikalisahau. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akapata hataza yake baada ya kumtengenezea mwanawe matairi ya upepo kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Mwaka uliofuata Willie Hume akayatumia mashindanoni mjini humo na kuwaacha wenzake nyuma. Ila tairi lile lilibandikwa kwenye gurudumu kwa gundi. Likitoboka, ulikuwa na kazi ya saa nyingi, kisha usubiri gundi ikauke usiku kucha. Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, André na Édouard Michelin, ndio walioleta tairi la kuvuliwa, mwaka 1891, na mwaka huo huo Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris–Brest–Paris kwa saa 71 na dakika kadhaa. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa fundi pancha. Tyubu ikawa kitu cha kuchomoa, kuziba na kurudisha, na kijana mwenye beseni akapata riziki kando ya barabara.

Siwezi kuiandika habari hii nikaruka Kongo. Ulaya na Marekani zilipopata wazimu wa baiskeli katika miaka ya 1890, mpira ulitafutwa kwa pupa, na sehemu yake ikatoka katika dola binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema mimea itambaayo ya jamii ya Landolphia. Wengine waliupaka utomvu mikononi na kifuani ili ugande, kisha wakaubandua pamoja na nywele zao. Kijiji kisichotimiza kiasi kilichomewa nyumba, wanawake walishikwa mateka, watu walikatwa mikono. Dola ile iliondolewa mikononi mwa mfalme mwaka 1908 tu. Kugandishwa kwa utomvu, jambo lililowatesa watu wale, ndiko hasa ninakokutegemea leo kuziba tundu la mwiba, na siishiki chupa ya dawa bila kukumbuka hilo.

Magari yalitangulia kuachana na tyubu. Kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilitangaza tairi lake lisilo na tyubu miaka ya 1940, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 magari mapya yalikuwa yakitoka nayo kiwandani. Baiskeli ilichelewa kwa sababu moja ya wazi: rimu yake ina matundu ya spoku kuizunguka yote, na upepo hauhitaji zaidi ya hapo kutoka.

Aliyelazimisha mambo ni mpanda baiskeli wa milimani. Kuanzia Oktoba 1976, kikundi cha vijana akiwemo Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly kilikuwa kikishindana kuteremka njia ya vumbi iitwayo Repack, huko Marin, California, kwa baiskeli nzito za zamani. Mchezo ule ukazaa baiskeli ya milimani, na baiskeli ile ikaleta shida ambayo barabara ya lami haikuwa nayo. Ili tairi lishike udongo na mizizi, inabidi upunguze upepo. Ukipunguza upepo, jiwe huibana tyubu dhidi ya ukingo wa rimu na kuiachia matundu mawili yaliyokaribiana, kama alama ya meno ya nyoka. Ukijaza upepo kuepuka hilo, baiskeli inarukaruka na kuteleza. Ni tyubu yenyewe iliyomfunga mpandaji katikati.

Mwaka 1999 Wafaransa wakaleta jibu: Mavic, pamoja na Hutchinson na Michelin, walitoa mfumo wa matairi yasiyo na tyubu, ulioitwa UST. Rimu haikutobolewa upande wa ndani, na tairi likaongezwa mpira wa kuzuia upepo. Ulifanya kazi vizuri sana. Lakini ilibidi ununue rimu zao na matairi yanayolingana nazo, na matairi yale yalikuwa mazito. Mwenye baiskeli ya kawaida aliambiwa, kwa lugha ya bei, asubiri.

Hakusubiri. Katika jimbo la New York alikuwepo mshindani wa baiskeli za milimani, Stan Koziatek. Mwaka 2001 alianzisha kampuni ya Stan's NoTubes, akiuza utepe wa kufunika matundu ya rimu ya kawaida, vali, na maji ya utomvu ya kuzibia matundu madogo ya tairi la kawaida. Mtazamo wake ninaupenda kuliko kitu chochote katika historia hii: usitupe tairi ulilonalo, lifanye lishike upepo. Wapandaji wasio na fedha za vifaa vyake nao wakabuni njia yao. Walichukua tyubu ya baiskeli ya inchi 20, wakaipasua kwa urefu, wakaitandaza juu ya rimu kubwa, wakavisha tairi juu yake na kukata mpira uliobaki pembeni. Mpira uliotanuka ulibana rimu vizuri mno. Niliifanya njia hiyo kabla sijapata utepe wenyewe, na bado naiheshimu.

Kazi yangu sasa huanza na usafi. Nafuta rimu kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, kwa maana utepe haushiki juu ya grisi. Nauvuta kwa nguvu, nikiupitisha hadi uvuke tundu la vali na kupandana kidogo, kisha natoboa pale pale kwa msumari uliopashwa moto na kukaza vali kwa vidole, bila koleo. Napaka kingo za tairi maji ya sabuni na kufungulia kompresa. Zikikaa mahali pake husikika milio miwili, pa! pa! Hapo natoa upepo na kuingiza dawa kupitia vali, mililita 60 hadi 100 kwa tairi kulingana na unene wake, najaza tena, kisha nalitikisa gurudumu na kulilaza ubavu huu na ule.

Tairi la kawaida halikutengenezwa kwa kazi hii, kwa hiyo mbavu zake hutokwa na matone meupe kila mahali. Mteja hushtuka. Mimi hufurahi, maana hapo utomvu unafanya kazi yake. Ndani ya dawa, chembe ndogo mno za mpira huelea majini, zikizuiwa na amonia zisigandamane. Upepo unapozisukuma kwenye tundu jembamba, zinasongamana, zinakutana na hewa, zinashikana na kuwa kizibo. Mti wa mpira nao hujiziba hivyo unapokatwa gome. Ndiyo maana sipendi kujaza tairi jipya la dawa kwa mitungi midogo ya hewa ya ukaa, kwani gesi ile huweza kuugandisha utomvu kabla haujafika tunduni.

Si kila tairi nalikubali. Lililolegea kingo au kuchakaa nyuzi za ubavu nalirudisha na tyubu yake, hata mwenyewe akinuna, kwa sababu linaweza kuchomoka kwenye rimu mtu akiwa kwenye mteremko. Na dawa hukauka. Kwa joto letu naifungua baada ya miezi michache, nakuta ngozi ya mpira imetanda ndani na miiba imekwama humo, ncha zikiwa zimezibwa. Nabandua ngozi hiyo na kuongeza dawa.

Rimu na matairi mapya ya milimani sasa hutoka kiwandani yakiwa tayari kwa kutumika bila tyubu, na yanakubali dawa kwa urahisi zaidi. Huko ng'ambo utaalamu wa kubadilisha tairi la kawaida unaelekea kusahaulika. Hapa baiskeli nyingi ninazopokea ni za mitumba, zenye rimu za zamani na matundu yake yote, kwa hiyo utepe wa Koziatek na ile tyubu ya inchi 20 bado viko juu ya meza yangu ya kazi, na vijana wawili wanajifunza kuvitumia.