Rubondo: sokwe wana tarehe, wenyeji hawana

Juni 2026 inatimiza miaka 60 tangu sokwe wa kwanza washushwe katika Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Anayetoka Ngara hupita Biharamulo hadi Muganza, kisha hupanda boti Kasenda. Mwambao huo ulikuwa wa Biharamulo kabla Chato haijawa wilaya. Mwaka 2012 ukaingia Mkoa wa Geita.

Wajerumani walikifanya kisiwa kuwa msitu wa hifadhi. Mwaka 1965 kikawa pori la akiba, na wenyeji, wavuvi na wakulima wasemao Kizinza, wakahamishiwa visiwa vya jirani na nchi kavu. Mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha sokwe. Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, alitaka wanyama waliofungiwa vizimbani warudi msituni. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa 17, kwa mafungu manne. Walikuwa wamenaswa Afrika Magharibi wangali wadogo, wakapelekwa Ulaya. Wengine walikaa kifungoni hadi miaka tisa. Hakuna aliyefundishwa kujitafutia chakula.

Mtafiti Markus Borner, aliyeandika habari zao mwaka 1985 katika jarida la Oryx, anaeleza jinsi mambo yalivyokuwa magumu mwanzoni. Sokwe waliozoea kulishwa na binadamu hawakumwogopa binadamu. Baadhi waliwashambulia watu, na madume mawili yakapigwa risasi. Waliosalia walijifunza wenyewe: tunda lipi linalika, matawi yapi yanafaa kusukwa kiota cha kulalia. Taratibu wakawakimbia watu, wakazaa, na leo wajukuu zao wanaishi msituni bila kuwahi kuona kizimba. Sijui ushindi mwingine wa uhifadhi katika kanda yetu unaopendeza kama huu.

Tembo na twiga nao waliletwa, wakadumu. Vifaru weusi hawakudumu. Nzohe, viboko na mamba ni wa hapo tangu asili, na kwa kuwa uvuvi wa kibiashara umepigwa marufuku, samaki huzaliana kwa amani kuzunguka kisiwa.

Lakini tazama hesabu hii. Tunajua sokwe walikuwa wangapi, walitoka wapi na waliletwa miaka gani. Je, familia za Rubondo zilikuwa ngapi? Mitumbwi yao waliitia nanga wapi, makaburi ya babu zao yako upande gani? Mwanafunzi wa Biharamulo au Chato hafundishwi hayo. Aliyehama akiwa na miaka kumi sasa amepita sabini.

Halmashauri, walimu na wasimamizi wa hifadhi, nendeni kwa wazee hao na daftari na kinasa sauti mwaka huu huu. Majina ya ghuba na vilima vya Rubondo bado yamo vinywani mwao. Wakiondoka, hakuna msitu utakaoyatamka.