Ramani za Kidijitali za Moto wa Nyika
Ni ramani zitengenezwazo kwa kompyuta, ambazo hukusanya mahali pamoja habari za mwinuko wa ardhi, ukavu wa majani, mwelekeo wa pepo, nyumba na njia, ili wenyeji wajue, kabla hatari haijawafikia, ni mtaa upi utangulie kuhama na kwa barabara ipi. Setilaiti zenye chombo kiitwacho VIIRS hupima joto la ardhi kwa vipande vya mita 375, na kipande kinachowaka huonekana ramanini kama nukta nyekundu.

Mji wa Paradise, California, nchini Marekani, ulikuwa umekwisha kugawanywa katika kanda za kuhama baada ya moto wa mwaka 2008. Walakini asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2018, upepo mkali ulipousukuma moto kutoka upande wa mashariki kwa kasi ambayo mpango haukuitarajia, utaratibu wa kuondoa watu kanda baada ya kanda ulivunjika, magari yakasongamana katika barabara ya Skyway, na roho 85 zikapotea. Wengi wa marehemu walikuwa wazee. Kwa hiyo ramani yoyote ya insafu haina budi kuonyesha, pamoja na misitu na barabara, nyumba za watu wasioweza kujihamisha wenyewe.