Jina la Kweli Juu ya Ombi

Mama yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wilaya. Hakuanza barua kabla hajaandika "Kumb. Na.", tarehe, anwani ya mpelekewa, kisha "YAH:" kwa herufi kubwa. Barua isiyo na mistari hiyo, alinifundisha, masijala hawajui waitie jalada gani, hata iwe na maneno mazuri namna gani.

Nilipoanza kuandika programu za Java, Dar es Salaam, niliikuta mistari hiyo tena, juu ya maombi ambayo programu hutuma kwa seva. Mafundi tunaiita heda.

Wavuti ilizaliwa bila heda. Mwaka 1991, katika HTTP ya kwanza ya Tim Berners-Lee, ombi lilikuwa mstari mmoja: neno GET na mahali ukurasa ulipo. Seva haikujua anayeomba ni nani, wala anasoma lugha gani. Kadiri kazi ilivyopanuka, heda zikaongezwa, na Mei 1996 waraka wa RFC 1945 ukaiandika desturi hiyo rasmi. Umbo lake liliazimwa kutoka barua pepe, kwenye RFC 822 ya mwaka 1982: jina, nukta mbili, kisha maelezo. Heda moja, Referer, iliingia ikiwa imekosewa herufi, na hadi leo tunaiandika hivyohivyo.

Uongo nao uliingia mapema. Kivinjari cha Netscape kilijitambulisha kwa jina la Mozilla, na baadhi ya tovuti zikawa zinaipa Mozilla peke yake kurasa zilizo bora. Internet Explorer nayo ikajiita Mozilla ili isinyimwe. Leo Chrome, Safari na karibu wenzao wote huanza utambulisho wao kwa Mozilla/5.0.

Nami nilishawishiwa kufuata njia hiyo. Mwaka 2010 programu yangu ilikuwa ikichukua takwimu kutoka seva fulani, ikakataliwa kwa jibu la 403. Sikuwa nimeandika heda ya utambulisho, User-Agent, hivyo Java ilijitambulisha yenyewe kwa jina lake na namba ya toleo, na seva ile ilifunga mlango kwa yeyote mwenye jina hilo. Mwenzangu akaniambia niandike Mozilla, yaishe. Nikamkumbuka mama. Kwa amri ya Java ya setRequestProperty niliandika jina halisi la programu yetu, na kwenye heda ya From, iliyomo tangu RFC 1945, nikaweka anwani yetu ya barua pepe. Ombi likapita. Wiki iliyofuata msimamizi wa seva alituandikia akituomba tupunguze kasi, nasi tukapunguza. Kama tungejiita Mozilla, angemwandikia nani?

Septemba 2018 Java 11 ilileta HttpClient mpya ya kutuma maombi. Humo header huongeza thamani juu ya iliyopo, setHeader huifuta ya zamani na kuweka mpya, na ukishaita build() ombi halibadiliki tena, mfano wa barua iliyokwisha kutiwa sahihi. Napenda mpangilio huo, kwa kuwa unamlazimu mtu akamilishe heda zake kabla hajatuma.

Vijana ninaowafundisha huanza na User-Agent yenye jina lao la kweli. Kisha Accept-Language: sw, ili seva ijue kuna wasomaji wa Kiswahili. Baada ya hapo ndipo tunagusa mwili wa ombi.